Shujaa Mwenye Ndala Mkononi

"Futa!" alisema mchapishaji kutoka Dar, akiugonga mchoro wa Shamsia kwa kidole. "Shujaa gani anakwenda kupigana na zimwi, ndala kazishika mkononi?"

"Wa Maparoni. Kwetu kisiwani, tope la mikoko halivukwi kwa viatu."

Bwana yule akafunua kitabu cha mchezo wa mashujaa na mazimwi kilichotoka Ulaya. Shujaa wa humo aling'aa chuma kitupu, toka kofia hadi buti. "Sasa ni soko huria, dada. Chetu kichorwe hivi, au kazi nampa mwingine."

Shamsia alichovya kalamu kwenye wino, akakivuta kitabu kile cha Ulaya, akaanza kumchorea shujaa wa chuma tope miguuni.

Lilipomfika kifuani, akainua macho.

"Haya, mwambie atoke."