Wifi wa Wagga Wagga

"Mlimvisha soksi?"

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la Pascasie kwenye simu. Siku tisa tangu Byamungu azikwe alikuwa kimya, na leo amepiga: hakusalimu, hakutoa pole. Soksi.

"Jozi mbili," alijibu Euphrasie, mke wa marehemu.

"Za sufu?"

"Za sufu."

"Haya," alisema Pascasie, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Joyeuse, binti wa marehemu, alikuwa jikoni anakata vitunguu, masikio yote yako kwenye simu. Alibetua midomo. Mashangazi hawa! Umemzika ndugu yao vizuri, watakukagua mpaka vifungo vya shati.

Ilikuwa saa tisa mchana pale Blaine, mji wao wa ughaibuni upande wa baridi, na theluji imepanda mpaka dirishani. Kwa Pascasie, huko Wagga Wagga, Australia, ilikuwa saa mbili asubuhi ya siku ya pili yake, na jua limeshaanza kuchoma mabati. Mwanamke huyo siku zote anaishi kesho. Ukimuuliza habari za leo, hana.

"Euphrasie, njoo huku," alisema. "Chumba kipo. Mji ni mdogo, uko bara kabisa, bahari wanaisikia redioni. Duka hapo, kanisa hapo, miguu yako inatosha. Mboga za lengalenga zinaota zenyewe mpaka mlangoni. Na lile koti la Byamungu la kahawia asipewe mtu. Uje nalo."

"Nitafikiri."

"Fikiri huku unafunga mizigo."

Simu ilipokatika, Joyeuse aliweka kisu chini.

"Umemsikia? Wiki iliyopita tu wameuchoma kwa gesi siku nzima udongo wa kaburi ulioganda ndipo ukakubali kuchimbwa, na shangazi ameshaanza kudai koti!"

"Ni koti tu."

"Leo koti, kesho picha ukutani. Na mji gani huo, Mama, unaitwa mara mbili kama mtoto mtukutu?"

Euphrasie hakucheka. Tangu mazishi hakuwa amecheka wala kulia. Watu wa kanisani walikuja na masufuria ya sombe, majani ya muhogo, wakalia kwa zamu, wakamtazama yeye. Yeye akawagawia sahani. Asubuhi ya leo alishika sufuria ya moto kwa mikono mitupu, na aliyepiga kelele ni Joyeuse.

Ijumaa ruhusa ya Joyeuse ilikuwa inaisha. Angerudi kwenye shifti zake mbili, na nyumba hii mpya, ambayo bila gari hata chumvi huipati, ingebaki na Euphrasie na friji, wakisikilizana. Joyeuse aliona wazi kwamba kwa namna hiyo mama yake hataimaliza baridi. Asichokijua ni kama kumpeleka kwa wifi ni kumwokoa, au ni kumfanya aruke theluji akanyage moto.

Alhamisi alifungua kompyuta mezani, akatafuta fomu ya viza. Miezi mitatu, ili akaone kwanza. Akakaa bila kuandika.

"Mama, wifi ni wifi. Utapika, ataonja, atasema Byamungu hakuwa anakula hivi."

"Atakuwa hasemi uongo. Anajua alivyokula."

"Na wewe utamjibu nini?"

"Nitaongeza chumvi."

Joyeuse alicheka bila kupenda, kisha akakumbuka hasira yake. "Mimi sijasahau kule kambini, kwa wakimbizi. Ugali unaiva kwetu, baba yuko kwa dada yake. Tunamngoja, unga unapoa. Na wewe unanyamaza."

"Nilikuwa simwiti."

"Haikukuuma?"

Euphrasie aliifikiria ile miaka. "Mwanzoni."

"Sasa huyo huyo ndiye unataka kwenda kulala nyumbani kwake!"

Nje, gari la kuondoa theluji lilipita likikwaruza barabara. Euphrasie alilisikiliza mpaka likaisha. Alitazama viganja vyake, vile vilivyoungua bila yeye kujua.

"Andika," alisema. "Naenda."

"Kwa nini? Nipe sababu moja tu, Mama."

"Watu mia mbili wameniambia pole. Yeye hakuniambia."

"Hiyo ndiyo sababu?"

"Wewe andika, mwanangu."

Joyeuse alivuta pumzi, akaanza. Jina la anayesafiri. Tarehe ya kuzaliwa, ile waliyopewa kambini, Januari mosi, kama ya nusu ya kanisa lao. Jina la mwenyeji: Pascasie. Akaandika neno, akaigeuza kompyuta.

"Hapa wanauliza ni nani kwako. Nimeweka wifi. Angalia kama kila kitu kiko sawa, maana nikishabonyeza hakirudi."

Euphrasie alivaa miwani, akaisogelea skrini, akaomba aoneshwe neno lenyewe ni lipi. Akaliwekea kidole. Kitu kama kicheko kilimpanda kooni, na kilipofika mdomoni kilikuwa kimeshageuka machozi, ya kwanza tangu mazishi.

"Tulifute?" Joyeuse aliuliza kwa hofu.

"Liache. Ndivyo ilivyoandikwa tangu kambini, wewe uko mgongoni kwangu, siku maofisa wa kutuhamisha waliposema mwanamume mmoja, mke mmoja. Mimi nilikaa chini nikalia. Pascasie ndiye aliyeolewa na baba yako kwanza. Akamwambia karani, 'Mke ni huyu. Mimi niandike dada.'"