Maua ya Mcheri wa Langoni

Waya ulikuwa umezama ndani ya gome la mcheri wa langoni, na pale ulipozama, utomvu wa rangi ya asali ulikuwa umeganda. Ruguru alivuta ua moja la rangi ya waridi. Lilikuwa la plastiki.

Mchumba wake alimjia kwa nyuma, akicheka chini chini. "Huu mcheri nimeulea miaka mitatu, hata tumba moja haujatoa. Baridi ya Nkubu haiutoshi. Ningefanyaje, na watu wenu walikuwa wanakuja leo kuona boma?"

"Na wakijua?"

"Nani, wazee wako? Babe, hao wanajua ndizi na kahawa tu. Hata ningefunga soksi huko juu, wangepiga makofi."

Chini ya mti, shangazi yake Ruguru aliinamisha tawi akanusa. Akanusa tena. Kisha akamgeukia mwenye mti na kusema kwa adabu, "Aki yananukia vizuri, mwanangu."

Mchumba akamkonyeza Ruguru.

Waliporudi kwenye hema, baba mdogo wa Ruguru alikuwa amesimama na kibuyu cha uji, wazee wote wakingoja. Mzee huyo akiunywa, posa imekubaliwa.

"Ruguru, mama, tunywe uji wa boma hili?"

Mchumba alikuwa tayari anatabasamu kwa ajili ya picha.

Ruguru alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakiweka mezani taratibu, uji usimwagike.

"Hapana, baba," alisema. "Shangazi, chukua kibeti chako twende."