Herufi Iliyonyamaza

Siku hizo zahanati za Tabora hazikumtibu mtu ambaye kadi yake ya jeni iliandikwa "safi." Nyamizi alikuwa safi, lakini kwa miaka sita mikono yake ilishindwa hata kusonga ugali, na mama mkwe alimwita mvivu.

Mashine mpya ilipoanza kusoma kadi upya, muuguzi alimwita. "Dada, herufi moja ya jeni yako imebadilika. Protini inayotokana nayo ni ileile, ndiyo maana tuliipuuza. Kumbe mwili wako unaitengeneza kidogo mno. Dawa ipo."

Nyamizi alilia. Mama mkwe, aliyemsindikiza, akamshika mkono. "Nisamehe, mwanangu."

"Yamekwisha, mama." Kisha akamgeukia muuguzi. "Na binti yangu? Naye mlimwandikia safi, na juzi aliangusha ndoo."

"Mlete leo hii," muuguzi akasema, "kabla hatujafunga."