Taa ya Kumchapia Meneja

Uso wa meneja ulikuwa umeanikwa kwenye kamba mara nne, ukidondosha maji ya buluu. Spika aliutazama kama mtu aliyemeza nzi.

"Dada, huyu anafanya nini humu?"

"Ni kazi," dada yake akajibu bila kugeuka. "Jua limegoma wiki nzima. Nishikie huo waya."

Mama yao aliungulia kiwandani kwa mtu huyu, yeye na wenzake wa zamu, mlango umefungwa kwa nje. Miaka yote kesi ilipigwa danadana. Kesho ingesikilizwa, na meneja alikwisha kuapa kwamba siku ya moto hakuwa hata mjini. Wajane na yatima walikuwa na nini cha kumjibu? Makaburi.

Dada alichapa picha kwa njia ya zamani: karatasi iliyopakwa dawa, juu yake kioo cha picha, kile ambamo cheusi huonekana cheupe na cheupe cheusi, kisha jua kali, kisha maji. Mvua ilipokaza, akaanza kutafuta taa ya kushika nafasi ya jua. Taa ya hospitali ya kuua vijidudu haikufua dafu. Mwanga wake haupenyi kioo, karatasi ikatoka na unjano wake uleule. Taa ya zebaki ya barabarani ilichapa upesi, ila joto lake lilitosha kuoka mkate.

"Si hiyo ndiyo yenye nguvu?" Spika akasema.

"Inipasulie kioo? Aliyeipiga picha hii ameshazikwa. Hakuna nyingine."

"Atapigwa nyingine. Uso si anao?"

Dada akarudi kwenye taa zake. Alikuwa anafunga mirija myeusi ya taa iliyotolewa kwenye ukumbi wa disko, ile inayofanya shati jeupe ling'ae gizani. Mwanga wake ulikuwa wa zambarau, baridi, umetandaa sawasawa. Akakata ukanda mwingine wa karatasi, upana wa vidole viwili, akauweka chini ya ule uso tu. Sehemu iliyobaki ya kioo alikuwa ameifunika kwa karatasi nyeusi.

"Uso ndio mgumu. Ukikaa vizuri, mengine yatafuata."

"Unampaka poda."

"Nataka kila mkunjo uonekane."

"Na mwenyewe akiiona?"

"Ataishiwa maneno."

"Mama angekutemea mate, dada."

"Punguza sauti, mdogo wangu. Ungekuwa na kifua cha kutunza neno, ningekuambia mengi. Lakini wewe ukimeza siri, mtaa mzima unacheua."

Jina la Spika hakupewa bure. Alihutubia viwanja bila kipaza sauti, na hakuwa na kitu alichosahau. Alikumbuka majeneza yaliyopigiliwa misumari kwa sababu ndani hapakuwa na cha kuaga. Alikumbuka shada la maua la meneja, na kadi yake iliyokosea jina la mama. Leo mtoto wa tumbo lile lile anamtafutia muuaji mwanga unaompendeza. Chumba kizima kikamnukia uvundo.

Dada alipotoka kwenda bombani kusuuza ukanda, Spika alizing'oa zile nyuso nne kambani, akazichanachana, akazitumbukiza kwenye ndoo ya maji machafu. Kisha akakichomoa kioo kwenye fremu, na karatasi yake nyeusi ikiwa bado imekikumbatia. Akakibamiza kwenye saruji kama mtu anayeua nyoka. Kipande chenye uso kiliruka peke yake. Hicho alikisaga kwa kisigino, polepole, mpaka tabasamu likawa unga.

Nje, dada alikuwa anazungumza na mtu.

"Karibu, wakili wetu. Umekuja wakati mzuri. Leo utamwona."

Spika aliinama kuficha vipande, na ile karatasi nyeusi ikabanduka kwenye kipande kikubwa. Chini ya mwanga wa zambarau ukaonekana mlango wa kiwanda, moshi umetanda juu ya paa, na mwanamume aliyevaa suti akikaza kufuli kwenye mnyororo. Kutoka shingoni kwenda juu, mwanamume huyo angeweza kuwa mtu yeyote.