Kaburi Lisilo na Kundi

Siku hizi kila kipande cha nyumba kina kundi lake, na kila kundi lina umri wake. Sakafu ya nje hupewa miaka thelathini, paa hamsini, na msingi huachwa maadamu nyumba imesimama. Umri ukiisha, mashine huja kung'oa na kusaga ili kujengea kwingine. Kisicho na kundi ni kifusi, na kifusi huzolewa mara moja.

Asimwe, mpimaji wa kata, alizunguka nyumba ya Mama Kokuhirwa akiwa na kamera yake. Programu ya kamera ilitambua kundi la kila kitu hadi ilipofika kando ya migomba, kwenye kaburi la mume wa mama huyo, lililojengewa vigae vyeupe.

"Inasema ni sakafu ya nje, mama."

"Sakafu? Nani anakanyaga hapo?"

"Nikikataa, litahesabiwa kifusi."

Mama Kokuhirwa akavaa miwani. "Hebu nione hayo makundi." Akayapitia taratibu kama anayechagua kitenge, mengine akiyacheka. "Hili hapa. Weka msingi. Wanangu wote wanarudi nyumbani kwa sababu yake."

Asimwe akabonyeza. Programu ikakubali, na wote wawili wakashusha pumzi.

Kisha skrini ikachora mstatili mwingine ubavuni mwa kaburi, wa vipimo vilevile.

"Sasa inasema nini?"

Asimwe akasoma. "Inasema msingi wa upande mmoja hautoshi, mama. Inauliza msingi mwenzake utajengwa lini."