Kadi Aliyoazimwa Ndaki

Barua ilisema Ignas alifariki tarehe kumi na nne Machi, miaka sita iliyopita, na Ignas mwenyewe ndiye aliyekuwa akiisoma kwa sauti.

Limi alisikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani. Ignas alipomaliza, Limi akamwomba arudie pale penye tarehe. Akarudia.

"Ndiyo yenyewe," Limi akasema. "Ilikuwa Alhamisi."

Ignas alitoka Burundi kuja Kahama kusoma uuguzi, na hakurudi tena, maana kwao hakuna aliyebaki wa kumrudia. Sasa alikuwa ameomba uraia. Afisa aliyeshika faili lake alibakiza kudai kitu kimoja tu: uthibitisho kwamba miaka yote mitatu ya chuo alikuwa na bima ya afya. Ignas akawaandikia watu wa bima, na hili ndilo lililokuwa jibu lao. Kadi ilifungwa miezi miwili kabla ya mitihani ya mwisho, mwanachama akiwa wodini. Na kibali cha Ignas cha kuishi nchini kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi.

Yaliyotokea, wote wawili waliyajua. Ignas na Ndaki, mtoto wa Limi, walipanga chumba kimoja Nyahanga. Ndaki alichimba dhahabu upande wa Bugarama. Duara, lile shimo walilokuwa wakichimba, lilipoporomoka, wenzake walimtoa kwenye kifusi akiwa hai, miguu imepondeka, hana bima. Ignas akamtilia kadi yake ya bima mfukoni. Picha ya kwenye kadi ilikuwa imefifia, na vijana wote wawili walikuwa warefu na wembamba. Ndaki alicheka pale kwenye machela, meno ameyauma kwa maumivu.

"Niiteni Ignas," alisema. "Leo na mimi msomi."

Siku ya tatu akafa. Hospitali ikaandika jina lililokuwa kwenye kadi, na kibali cha kuzika kikatoka hivyo hivyo. Kumpeleka Kishapu, akalale kwao, kungekuwa kukitoa kibali kile mbele ya mtendaji wa kijiji aliyemjua Ndaki tangu anabebwa mgongoni. Wakamzika makaburi ya mjini. Mtunza makaburi akalinakili jina kutoka kwenye karatasi hadi msalabani.

Huko Kishapu Limi alisema mwanawe yuko machimboni Geita, na akiulizwa hadi leo hujibu hivyo. Matanga hayakukaliwa. Baada ya mavuno akafunga nyumba, akahamia Nyahanga kwa Ignas, wakaongeza na chumba cha pili, ili awe karibu na kaburi. Kila Jumapili hupalilia kaburi lenye jina la kijana anayempakulia ugali jioni.

Ignas aliikunja barua.

"Mtendaji wa mtaa amekuja mpya," akasema. "Twende tukamweleze, atatuonyesha pa kuanzia. Wewe utasema aliyekufa ni Ndaki. Mimi nitasema kadi niliitoa mimi. Watanifunga, kisha watanivusha mpaka. Lakini, mama, Ndaki atapata jina lake."

Msalaba mpya Limi alikuwa nao tangu mwaka juzi. Alitengenezewa na fundi wa kuchomelea, akauviringisha kwenye kanga na kuuficha uvunguni mwa kitanda. Herufi za jina la Ndaki zilikuwa nyeupe, kubwa, za kusomeka tangu barabarani. Alikuwa anangoja siku ya kuusimika.

"Ninyi mlipishana umri gani?" Limi akauliza.

"Miezi minne. Yeye ndiye mkubwa."

"Na kitambulisho cha taifa, Ndaki alipata?"

"Hakuwahi kujiandikisha. Kila walipokuja kuandikisha watu, yeye yuko chini ya ardhi."

Limi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepanga maelezo yake.

Asubuhi alikivuta kile kifurushi kutoka uvunguni, akakifungua, akafuta vumbi kwenye herufi moja baada ya nyingine. Ignas alimwona kutoka mlangoni, akageuka asimtazame. Limi alipomaliza, akauviringisha msalaba kama ulivyokuwa, akaurudisha. Kisha akafungua sanduku na kutoa cheti cha kuzaliwa cha Ndaki, kilichohifadhiwa ndani ya nailoni tangu siku alipoandikishwa darasa la kwanza.

Ignas alikuwa amevaa mashati mawili, maana alisikia kwamba mahabusu kuna baridi. Alibeba pia bahasha yenye vyeti vyake vya uuguzi.

"Hivyo acha," Limi akamwambia.

"Nitahitaji kuonyesha mimi ni nani, mama."

"Acha ndani. Na tukifika, usiseme neno. Niachie mimi."

Akaviacha. Alifunga mlango mwenyewe, akampa Limi ufunguo, akakitazama kile chumba kupitia dirisha kama mtu anayeaga.

Mtendaji alikuwa kijana aliyehamishiwa hapo mwezi uliotangulia kutoka Maswa. Alimwamkia Limi, kisha akamgeukia Ignas, akamsalimu kwa Kisukuma, mwangaluka. Ignas, aliyejifunza lugha hiyo kwa Limi miaka sita, akaitikia vizuri, kwa sauti ya chini. Mtendaji akawaonyesha benchi.

Limi hakukaa. Alikitoa cheti kwenye nailoni, akakiweka mezani, akakinyoosha kwa kiganja mara mbili, mara tatu, ingawa hakikuwa na mkunjo.

"Haya mama," mtendaji akasema. "Tuambie shida yenu."

Limi alimtazama Ignas. Alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja.

"Huyu ni mwanangu wa kwanza," Limi akasema. "Anaitwa Ndaki. Amekaa machimboni miaka mingi, hana hata kitambulisho. Nimemleta umwandikie barua, akaandikishwe."