Upande wa Chande

"Uvimbe wa kooni umesinyaa, mzee wangu," nesi alimwambia Mbaruku akimchomoa sindano ya dripu. "Dawa imewaamsha askari wa mwili wako. Leo jaribu chakula kigumu kidogo."

Mbaruku alikitazama kiti cha jirani. Miezi minne yeye na Chande walikaa hapo bega kwa bega, wakitiwa dawa ile ile, wakaahidiana kwamba makoo yao yakifunguka watakula ugali sahani moja.

"Na mwenzangu?"

Nesi aliukunja mpira wa dripu polepole. "Yeye dawa haikumsaidia, mzee. Wamemzika Jumanne."

Nyumbani, Mbaruku alisonga ugali wa watu wawili, akauweka mkekani pamoja na bakuli la mlenda, akanawa. Tonge la kwanza lilishuka bila kukwama. Machozi yalimtoka, na hakuwa na wa kumwambia. Akamega tena, akala taratibu, upande wake tu, kama alavyo mtu mwenye adabu. Aliposhiba, nusu ya pili ilikuwa bado imesimama wima, haijaguswa, ikifuka mvuke upande wa Chande.